Upigaji picha wa misuli kwa mwanga

Upigaji picha wa misuli kwa mwanga ni jumla ya mbinu za kitabibu zinazotumia mwanga kuchunguza hali ya misuli ndani ya mwili bila kukata ngozi, bila sindano na bila mnururisho wa eksirei. Mwanga unaotumika kwa kawaida ni mwekundu au wa infraredi ya karibu, ambao hupenya ngozi na kufika kwenye tishu zilizo sentimita chache chini yake. Kwa kupima jinsi mwanga huo unavyofyonzwa, wataalamu hukadiria kiasi cha damu, oksijeni, mafuta na kolajeni kilichomo ndani ya msuli.

Mbinu hizo zimechunguzwa hasa kwa ajili ya magonjwa ya misuli yanayodumu maisha yote, kama vile distrofia ya misuli ya Duchenne, atrofia ya misuli ya uti wa mgongo, ugonjwa wa Pompe na ugonjwa wa McArdle. Katika mengi ya magonjwa hayo jina la ugonjwa huthibitishwa kwa kipimo cha jeni. Kazi ambayo mwanga unaweza kuifanya vizuri ni nyingine: kupima mara kwa mara kiasi ambacho msuli umeharibika, na kuonyesha kama tiba inasaidia. Sehemu kubwa ya mbinu hizo bado hutumika katika utafiti kuliko katika huduma za kila siku za hospitali.

## Uchunguzi wa kawaida wa magonjwa ya misuli

Misuli inayoshikamana na mifupa ni takriban 40% ya uzito wa mwili wa mtu mzima. Kila msuli umeundwa na nyuzi nyembamba zinazojikunja na kujinyoosha, zikilishwa na mishipa midogo ya damu. Msuli unapougua kwa muda mrefu, nyuzi zake hufa kidogo kidogo. Nafasi yake huchukuliwa na mafuta pamoja na tishu za kovu, ambazo sehemu yake kubwa ni protini iitwayo kolajeni.

Mfano unaojulikana zaidi ni distrofia ya misuli ya Duchenne. Ugonjwa huu wa kurithi hupata takriban mtoto 1 kati ya watoto wa kiume 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Husababishwa na kasoro katika jeni ya distrofini iliyoko kwenye kromosomu X. Distrofini ni protini inayoimarisha utando wa nyuzi za misuli. Ikikosekana, nyuzi hupasuka kila zinapofanya kazi. Mtoto huanza kuanguka mara kwa mara, hushindwa kupanda ngazi na huinuka kutoka sakafuni kwa kujisukuma kwa mikono juu ya mapaja yake. Bila matibabu, wengi huhitaji kiti cha magurudumu wanapofikia umri wa karibu miaka 12. Baadaye misuli ya kupumua na moyo pia hudhoofika. Mara nyingi mashavu ya miguu huonekana manene na yenye nguvu, kumbe ndani yake msuli umekwisha kugeuka kuwa mafuta na kovu. Macho peke yake hayawezi kutofautisha hali hizo mbili.

Madaktari wana njia kadhaa za kuchunguza magonjwa kama hayo:

* Kipimo cha damu cha kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi, ambacho huvuja kutoka kwenye nyuzi zilizopasuka. Kiwango kikubwa huonyesha kwamba misuli inaharibika, lakini hakionyeshi ni msuli upi wala umeharibika kiasi gani.
* Kipimo cha jeni, ambacho hutaja ugonjwa kwa uhakika. Hata hivyo hakiwezi kusema msuli una hali gani leo ukilinganisha na mwaka jana.
* Kipimo cha umeme wa misuli, ambacho kwa kawaida hufanywa kwa kuchoma sindano ndani ya msuli.
* Biopsi, yaani kukata kipande kidogo cha msuli na kukitazama kwa hadubini. Daktari Mfaransa Guillaume Duchenne, ambaye ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake, alibuni sindano ya kuchukua vipande hivyo katika miaka ya 1860. Biopsi huonyesha mengi, lakini huumiza, huacha kovu na huwakilisha sehemu ndogo tu ya msuli mmoja. Ni vigumu kuirudia kila baada ya miezi michache kwa mtoto yuleyule.
* Ultrasaundi, ambayo ni rahisi na haina maumivu. Huonyesha umbo la msuli na weupe unaoongezeka pale mafuta na kovu vinapozidi, ingawa haitofautishi vizuri kati ya hivyo viwili.
* MRI, ambayo hupima kiasi cha mafuta katika misuli ya mwili mzima kwa usahihi mkubwa. Mashine yake ni ghali, na mgonjwa hutakiwa kulala bila kutikisika kwa muda mrefu. Watoto wadogo mara nyingine hupewa dawa za usingizi, na kwa wenye ugonjwa wa Duchenne baadhi ya dawa hizo zina hatari ya pekee.

Ugumu mwingine hutokea wakati wa kujaribu dawa mpya. Kwa miaka mingi majaribio ya dawa za Duchenne yametumia kipimo cha umbali ambao mtoto anaweza kutembea kwa dakika 6. Kipimo hicho hutegemea bidii ya mtoto, usingizi alioupata usiku na hali ya moyo wake siku hiyo. Isitoshe, mtoto ambaye tayari hawezi kutembea hawezi kupimwa kabisa, na hivyo huachwa nje ya majaribio mengi. Kipimo kinachosoma msuli wenyewe, bila kumtaka mgonjwa afanye lolote, kingewajumuisha watoto hao.

## Mwanga ndani ya mwili

Mtu akifunika taa ya tochi kwa vidole gizani, huona mwanga mwekundu ukipita upande wa pili. Tochi hutoa rangi zote, lakini rangi ya buluu na ya kijani hufyonzwa na damu, na nyekundu ndiyo inayobaki. Jambo hilo la kawaida ndilo msingi wa upigaji picha wa misuli kwa mwanga.

Urefu wa wimbi la mwanga hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni moja ya mita. Mwanga unaoonekana kwa macho una urefu wa takriban nanomita 400 hadi 700. Chini ya nanomita 650 hemoglobini ya damu hufyonza mwanga mwingi, na kwenye mawimbi marefu zaidi maji ya mwilini hufanya vivyo hivyo. Katikati, takriban kati ya nanomita 650 na 950, upo ukanda ambamo mwanga hupenya kwa urahisi zaidi. Wataalamu huuita dirisha la mwanga la tishu.

Ndani ya ukanda huo na kandokando yake, kila kitu kilichomo katika msuli hufyonza mwanga kwa namna yake:

* Hemoglobini isiyo na oksijeni hufyonza zaidi karibu na nanomita 760.
* Hemoglobini yenye oksijeni hufyonza zaidi kuliko ile isiyo nayo kwenye mawimbi yaliyo juu ya nanomita 800. Karibu na nanomita 800 aina zote mbili hufyonza kwa kiasi sawa, kwa hiyo hapo hupimwa jumla ya damu.
* Mafuta huonekana vizuri karibu na nanomita 930.
* Maji huonekana karibu na nanomita 970.
* Kolajeni huonekana zaidi kwenye mawimbi marefu, takriban nanomita 1,000 na kuendelea.

Kifaa kikipeleka mwanga wa mawimbi kadhaa tofauti na kupima kila jibu, kompyuta inaweza kukokotoa ni kiasi gani cha kila kitu kimo ndani.

Tatizo kubwa ni mtawanyiko. Mwanga hauendi moja kwa moja ndani ya nyama kama unavyopita katika kioo. Huyumbishwa huku na huko na seli na nyuzi, kama taa za gari ndani ya ukungu mzito. Baada ya milimita chache tu mwelekeo wake wa mwanzo hupotea. Kwa sababu hiyo picha ya kawaida ya kamera haiwezi kuonyesha msuli ulio chini ya ngozi, na historia ya mbinu hizi ni historia ya kutafuta njia za kuushinda mtawanyiko huo.

## Spektroskopia ya infraredi ya karibu

Mbinu ya zamani zaidi ni spektroskopia ya infraredi ya karibu, inayojulikana kwa kifupi NIRS. Chimbuko lake linahusiana na lile la oksimita, kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole ili kupima oksijeni ya damu, ambacho watu wengi walikizoea wakati wa janga la UVIKO-19. Mwaka 1937 mwanafiziolojia Mmarekani Glenn Millikan alichapisha majaribio yaliyotumia rangi za mwanga kupima oksijeni katika msuli wa paka. Mwaka 1977 Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionyesha katika jarida la *Science* kwamba mwanga wa infraredi ya karibu unaweza kupita katika tishu za kiumbe hai kwa kina cha kutosha kupima oksijeni ya ubongo na ya moyo. Kutoka hapo mbinu hiyo ilienea pia kwenye misuli.

Kifaa cha NIRS hubandikwa juu ya ngozi, kwa mfano kwenye paja au kwenye shavu la mguu. Upande mmoja una taa ndogo, na upande mwingine, kwa umbali wa sentimita 3 hadi 4, una kihisi. Mwanga unaofika kwenye kihisi umepita ndani ya tishu kwa njia iliyopinda kama ndizi, na kina chake ni karibu nusu ya umbali kati ya taa na kihisi. Kwa hiyo kifaa cha aina hiyo husoma msuli ulio sentimita 1.5 hadi 2 chini ya ngozi.

NIRS haitoi picha yenye maelezo mengi. Faida yake ni kwamba hufuatilia mabadiliko sekunde kwa sekunde wakati msuli unafanya kazi. Mtu mwenye afya akianza mazoezi makali, msuli wake hutumia oksijeni haraka kuliko damu inavyoileta, na kipimo huonyesha oksijeni ikishuka. Akipumzika, oksijeni hurudi juu.

Katika baadhi ya magonjwa mwenendo huo hubadilika. Ugonjwa wa McArdle, ulioelezwa mwaka 1951 na daktari Brian McArdle wa London, ni hali ambamo msuli hukosa kimeng'enya cha kuvunja glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa. Mgonjwa hupata maumivu na kukakamaa misuli mara tu anapoanza kukimbia au kuinua mzigo. Katika ugonjwa wa mitokondria kasoro iko kwenye sehemu za seli zinazotumia oksijeni kuzalisha nishati. Mnamo miaka ya 1990 William Bank na Britton Chance wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwa NIRS kwamba kwa wagonjwa wa aina hizo oksijeni ya msuli haishuki inavyotarajiwa wakati wa mazoezi. Damu huleta oksijeni, lakini msuli hauwezi kuitumia.

Njia nyingine hutumia mkanda unaofanana na ule wa kupimia shinikizo la damu. Mkanda hujazwa upepo hadi damu isimame kwa sekunde chache, kisha hupimwa kasi ambayo msuli unamaliza oksijeni uliyo nayo. Kitendo hicho kikirudiwa mara kadhaa baada ya zoezi fupi, hupatikana kipimo cha uwezo wa mitokondria ambao zamani ulihitaji biopsi au mashine ya sumaku.

NIRS ina kasoro mbili zinazojulikana. Kwanza, haiwezi kutenganisha hemoglobini ya damu na mioglobini, protini ya ndani ya msuli ambayo hufyonza mwanga kwa namna inayofanana nayo. Pili, vifaa vingi vya bei nafuu huonyesha mabadiliko tu, si kiasi kamili, na kwa hiyo ni vigumu kulinganisha mgonjwa mmoja na mwingine.

## Upigaji picha kwa mwanga na sauti

Mbinu iliyoleta hatua kubwa zaidi katika karne ya 21 huunganisha mwanga na sauti. Huitwa optoakustika au fotoakustika.

Asili yake ni ugunduzi wa Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu. Mwaka 1880, alipokuwa akijaribu kupeleka sauti kwa kutumia miali ya jua, aligundua kwamba mwanga unaokatizwa-katizwa haraka ukipiga kitu kigumu, kitu hicho hutoa sauti. Ugunduzi huo ulikaa kwa miongo mingi bila matumizi ya kitabibu, kwa sababu hapakuwa na leza, vihisi vyepesi wala kompyuta za kuchakata ishara zake. Mwaka 2003 kundi la Lihong Wang nchini Marekani lilichapisha picha za mishipa ya damu ya ubongo wa panya zilizopatikana kwa njia hiyo bila kufungua fuvu.

Kifaa hufanya kazi kwa hatua zifuatazo:

1. Leza hutuma mpigo mfupi sana wa mwanga, unaodumu kwa nanosekunde chache, kupitia ngozi.
2. Hemoglobini, mafuta au kolajeni hufyonza mwanga huo na kupata joto dogo mno, chini sana ya kile ambacho mtu anaweza kuhisi.
3. Joto hilo huifanya tishu itanuke ghafla na kutoa wimbi la sauti ambalo sikio haliwezi kulisikia.
4. Vihisi vya ultrasaundi vilivyo juu ya ngozi hupokea wimbi hilo.
5. Kompyuta hukokotoa sauti ilitoka wapi, ikijua kwamba sauti husafiri ndani ya tishu laini kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde, na kuchora picha.

Ufanisi wa mbinu hii unatokana na ukweli kwamba sauti hutawanyika kidogo sana ndani ya mwili kuliko mwanga. Mwanga ukishaingia, hauhitaji kurudi nje ukiwa mzima. Sauti ndiyo inayobeba habari. Hivyo picha huonyesha vitu vidogo kuliko milimita moja, kwa kina cha sentimita 2 hadi 4.

Leza ikibadilisha urefu wa wimbi mara nyingi kwa sekunde, picha moja huweza kugawanywa katika ramani ya oksijeni, ya mafuta na ya kolajeni. Aina hiyo huitwa tomografia ya optoakustika ya mawimbi mengi, kwa kifupi MSOT. Iliendelezwa kwa kiasi kikubwa mjini München, Ujerumani, na kundi la watafiti akiwemo Vasilis Ntziachristos. Kwa mgonjwa, uchunguzi wake hufanana na ultrasaundi ya kawaida: mtaalamu hupaka jeli, kisha hushika kichwa cha kifaa juu ya mkono au mguu kwa muda mfupi. Mtoto anaweza kukaa mapajani mwa mzazi wake.

### Ugonjwa wa Duchenne

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Erlangen, Ujerumani, wakiwemo Adrian Regensburger na Ferdinand Knieling, walichapisha katika jarida la *Nature Medicine* matokeo ya kutumia MSOT katika distrofia ya Duchenne. Walianza na nguruwe wachanga waliobadilishwa jeni ili wakose distrofini, ambao misuli yao iliweza kulinganishwa na vipande vilivyotazamwa maabara. Baadaye walichunguza kundi dogo la watoto wagonjwa na kuwalinganisha na watoto wenye afya. Ishara ya kolajeni ilikuwa kubwa zaidi katika misuli ya wagonjwa, na iliendana na kiwango cha udhaifu wao.

Umuhimu wa matokeo hayo ni kwamba kovu, ambalo ndilo alama ya uharibifu usiorekebishika, liliweza kupimwa moja kwa moja bila kisu. MRI hupima mafuta vizuri, lakini kolajeni ni ngumu zaidi kwake. Tena kipimo hakikutegemea mtoto kutembea.

### Magonjwa mengine

Kundi hilohilo lilichapisha mwaka 2022 uchunguzi wa watoto wenye atrofia ya misuli ya uti wa mgongo. Katika ugonjwa huu tatizo la kwanza liko kwenye neva zinazoamuru misuli, na misuli hunyauka kwa kukosa amri. Picha za MSOT zilionyesha tofauti kati ya misuli ya wagonjwa na ya watoto wenye afya. Ugonjwa huu umekuwa na dawa kadhaa tangu nusinersen ilipoidhinishwa nchini Marekani mnamo Desemba 2016. Dawa hizo ni ghali mno, kwa hiyo njia rahisi ya kujua mapema kama mtoto anafaidika nazo ina thamani kwa familia na kwa bima za afya pia.

Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti kuhusu ugonjwa wa Pompe unaoanza ukubwani. Ugonjwa huu, ulioelezwa na daktari Mholanzi Joannes Pompe mwaka 1932, husababisha glikojeni kurundikana ndani ya seli za misuli kwa kukosa kimeng'enya cha kuivunja. Utafiti huo ulionyesha kwamba ishara za optoakustika zinaweza kutumika kutambua mrundikano wa glikojeni pamoja na kuharibika kwa misuli.

## Hadubini za leza

Njia ya tatu hutazama nyuzi zenyewe badala ya msuli mzima. Miosini, protini inayofanya msuli ujikunje, ina mpangilio wa pekee: ikipigwa na leza kali ya infraredi, hutoa mwanga wenye nusu ya urefu wa wimbi ulioingia. Kolajeni nayo hufanya hivyo. Kwa hiyo nyuzi za misuli hung'aa zenyewe, bila kutiwa rangi yoyote.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiwemo Michael Llewellyn, Scott Delp na Mark Schnitzer, walitumia njia hiyo kuona sarkomeri ndani ya misuli ya watu walio macho. Sarkomeri ni kipande kidogo kabisa cha msuli kinachojikunja, chenye urefu wa mikromita 2 hadi 4 hivi. Kwa kuwa mwanga huo haufiki mbali, ilibidi kuingiza lenzi nyembamba kama sindano ndani ya msuli. Njia hii hujeruhi kidogo sana kuliko biopsi, lakini haiwezi kuhesabiwa kuwa haijeruhi kabisa.

## Usalama

Mwanga mwekundu na wa infraredi hauharibu DNA kama eksirei inavyoweza kufanya, na hakuna kikomo cha idadi ya mara ambazo mtu anaweza kupimwa. Hatari zilizopo ni mbili. Leza yenye nguvu inaweza kudhuru macho, na kwa hiyo mgonjwa, mzazi na mtaalamu wote huvaa miwani ya kinga wakati wa uchunguzi wa optoakustika. Vilevile nguvu ya mwanga kwenye ngozi huwekewa kikomo na viwango vya kimataifa ili isichome. Taa za NIRS ni dhaifu zaidi na kwa kawaida hazihitaji miwani.

## Mipaka

Kina ni kizuizi cha kwanza. Mwanga hufikia misuli ya mikono, mapaja na miguu iliyo karibu na ngozi, lakini haifikii vizuri misuli ya ndani ya nyonga au ya kupumua, ambayo kudhoofika kwake ndiko kunakohatarisha maisha.

Kizuizi cha pili ni mafuta yaliyo chini ya ngozi. Yakiwa manene, mwanga huishia humo kabla ya kuufikia msuli. Watoto wasioweza kutembea, pamoja na wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, huongezeka uzito mara nyingi, na hao ndio wanaohitaji zaidi kipimo hiki.

Mambo mengine huathiri matokeo: nywele, jinsi kifaa kinavyokandamizwa kwenye ngozi, joto la chumba na kama mgonjwa alitembea muda mfupi kabla. Tafiti nyingi zilizochapishwa zilihusisha wagonjwa wachache, kwa kuwa magonjwa yenyewe ni adimu. Ili hospitali mbalimbali ziweze kulinganisha namba zao, lazima zipime kwa utaratibu mmoja.

### Rangi ya ngozi

Melanini, ambayo huipa ngozi weusi wake, nayo hufyonza mwanga. Hufyonza zaidi mawimbi mafupi na kidogo zaidi yale marefu ya infraredi. Kwenye ngozi nyeusi mwanga kidogo zaidi hufika kwenye msuli. Katika optoakustika ngozi yenyewe hutoa sauti kubwa inayoweza kufunika ishara dhaifu zinazotoka chini.

Athari za kulipuuza jambo hili zilionekana kwenye oksimita za kidole. Mnamo Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha katika *New England Journal of Medicine* ulinganisho wa vipimo vya oksimita na vya damu ya ateri. Kati ya vipimo ambavyo oksimita ilionyesha oksijeni ya 92% hadi 96%, upungufu halisi ulioko chini ya 88% ulipatikana katika takriban 12% ya vipimo vya wagonjwa weusi, na katika takriban 4% tu ya vile vya wagonjwa weupe. Yaani upungufu wa hatari ulifichika karibu mara tatu zaidi kwa weusi. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu usahihi wa vifaa hivyo.

Kwa upigaji picha wa misuli somo ni lilelile. Kifaa kilichorekebishwa kwa kutumia watu wenye ngozi nyeupe kinaweza kumwonyesha mtoto mwenye ngozi nyeusi kuwa na damu kidogo au kolajeni kidogo kuliko aliyo nayo, na kosa hilo likaonekana kama maendeleo mazuri. Njia za kulipunguza zipo: kupima kwanza weusi wa ngozi na kuuingiza katika hesabu, kutumia mawimbi marefu zaidi, na kumlinganisha mgonjwa na vipimo vyake mwenyewe vya awali badala ya vya watu wengine. Muhimu zaidi ni kuwajumuisha watu wa rangi zote katika majaribio kabla kifaa hakijaidhinishwa. Kwa Afrika Mashariki, ambako wagonjwa wengi wana ngozi nyeusi, matokeo ya tafiti zilizofanywa Ulaya hayawezi kuchukuliwa yalivyo bila kuthibitishwa upya.

## Nafasi katika tiba

Upigaji picha kwa mwanga hauondoi haja ya vipimo vingine. Mtoto anayeanguka mara kwa mara bado huanza kwa kupimwa na daktari, kisha kipimo cha damu, kisha cha jeni. Mwanga huingia baada ya hapo, pale linapoulizwa swali la jinsi msuli unavyoendelea kati ya ziara moja ya kliniki na nyingine.

Kwa upande wa gharama mbinu hizi hazifanani. Vifaa vya NIRS ni vidogo, hubebeka na huweza kutumia betri, hivyo vinaweza kutumika mbali na hospitali kubwa. Mashine za MSOT bado ni ghali kwa sababu ya leza zake, ingawa ni ndogo kuliko mashine ya MRI na hazihitaji chumba maalumu chenye kinga ya sumaku. Watafiti wanajaribu kubadilisha leza hizo kwa taa za LED, ambazo ni nafuu lakini zenye nguvu ndogo.

Swali kubwa lililobaki ni kama mabadiliko yanayoonekana kwenye picha hutabiri kweli hali ya mgonjwa ya baadaye, kama vile muda atakaoendelea kutembea au kutumia mikono yake. Jibu lake linahitaji kuwafuatilia wagonjwa wengi kwa miaka kadhaa, wakiwemo wale ambao tayari wanatumia kiti cha magurudumu.

## Tazama pia

* Distrofia ya misuli
* Hemoglobini
* Infraredi
* Kolajeni
* Leza
* Mitokondria
* MRI
* Msuli